Mwiba Ambao Haukuwepo

Kama unasoma haya huku mkono au mguu wako umefungwa kitambaa kwa sababu ya meno ya mbwa, acha kusoma kwanza. Nenda kwenye maji na sabuni, osha kidonda mpaka uchoke, halafu osha tena. Kisha nenda kliniki leo, si kesho. Ukirudi utanikuta hapa hapa. Mimi sina haraka.

Naitwa Mama Odeta. Nilizaliwa Kilwa, ile Kilwa yetu ya Kongo iliyo ng'ambo ya Ziwa Mweru, si ile ya pwani wanayoitaja redioni. Tulivuka tukikimbia vita, mimi na mume wangu na binti zetu wawili, na sasa tunakaa Nchelenge, upande wa Zambia. Kazi yangu ni kukausha chisense, visamaki vidogo kuliko kidole, na kuwauzia wanaokuja na magunia. Shule sikwenda mbali. Naandika kwa sababu wanawake watatu wa kanisani wamenijia kwa nyakati tofauti kuniuliza ilikuwaje, kila mmoja kwa sauti ya chini kama anayeulizia jambo la aibu, nami nimechoka kurudia.

Kwenye mchanga wetu palikuwa na mbwa mmoja. Alikuwa wa jirani yangu Bana Chola, yaani Mama Chola kwa Kibemba, lakini kazi alitufanyia wote wawili. Chisense ikianikwa, kuku wanaijia, nguruwe wanaijia, ndege ndio usiseme. Mbwa huyo alizunguka tangu asubuhi mpaka tukusanye. Jina lake lilikuwa Landeni, maana yake "semeni tu." Watu wa huku humpa mbwa jina ili jirani asikie, na Bana Chola alikuwa na majirani wa kusikia. Akimwita mbwa wake kwa sauti, nusu ya mtaa ilinuna.

Mbwa wa ufukweni hula samaki, na mbwa anayekula samaki hukwamwa na miba. Hilo tunalijua sana. Landeni alikwisha kukwamwa mara mbili, na mara zote mbili mimi ndiye niliyemtoa mwiba, kwa sababu nina mikono midogo. Mwenzako anashika kichwa, wewe unaupanua mdomo, unaingiza vidole viwili, unavuta. Mbwa anakohoa, anakulamba, mambo yanaisha.

Ilikuwa majira ya joto kali, wiki chache kabla serikali haijafunga ziwa ili samaki wazaane. Landeni alikuwa amelala chini ya mtumbwi uliopinduliwa, mdomo wazi, mate yanachuruzika. Sauti yake ilikuwa imekauka. Nilimwekea samaki mbele ya pua, akamtazama tu. Nilimwekea maji, akayaacha. Nikasema moyoni, huyu amekwama tena. Bana Chola alikuwa sokoni, na mimi sikuona haja ya kumngoja mtu wa kushika kichwa. Niliingiza mkono wa kushoto, ndio wangu wa kazi.

Niliutafuta mwiba. Nilitafuta pande zote, mpaka nyuma ya ulimi, nikimbembeleza kwa jina lake. Hapakuwa na mwiba. Ndipo akafumba mdomo.

Hakubweka wala kunguruma. Aliuma, akashikilia, akaachia, akarudi kulala kama mtu aliyechoka. Meno yaliingia chini ya kidole gumba, juu na chini, yakakaribia kukutana.

Yaliyofuata yote yalifanywa kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyotaka kuniua. Kwetu ufukweni, mbwa wako akimuuma mtu wa watu, hungoji kuambiwa. Unamuua siku hiyo hiyo, ili yule aliyeumwa asimwone tena akitembea. Mume wa Bana Chola alimpiga Landeni rungu, akamfunga jiwe shingoni, akapiga kasia mpaka mbali na kumzamisha. Kabla hajamzamisha, mume wangu alimkata manyoya ya shingoni, akayachoma, akachanganya majivu na mafuta ya mawese na kunikandika kwenye kidonda. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia. Bana Chola alisimama mlangoni mikono ameifumbata.

"Mama Odeta, unisamehe, mukwai. Hii imbwa haikukuwa na tabia hii." Mukwai ni neno lao la heshima.

"Ni imbwa tu," nikamjibu. "Si weye uliniuma."

Tukala pamoja. Nilifurahi kweli jinsi jambo lilivyokwisha vizuri, bila mzee wa mtaa kuitwa.

Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwiko, nikaenda kliniki kwa ajili ya uvimbe, si kwa ajili ya mbwa. Benchi lilikuwa limejaa. Mwanamke aliyekaa karibu nami aliniuliza kilichonipata, nikamwambia. Alitikisa kichwa, akajidai anatafuta kitu kwenye kikapu, kisha akahamia upande wa pili na mtoto wake. Wengine nao wakasogea. Nikapata nafasi ya kunyoosha miguu.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tulimwita Sista. Alifungua kitambaa, akanusa yale majivu, akauliza kwa Kibemba: "Imbwa ili kwi?"

Yuko wapi mbwa. Nikamwambia tumemuua.

"Na kichwa?"

"Kichwa iko ndani ya ziwa, Sista. Na mwili pia. Bilifungiwa jiwe."

Alivua miwani, akasema kichwa ndicho kinachopimwa. Nilitaka kumweleza kwamba ilikuwa heshima, kwamba Bana Chola ni mtu mwema, lakini niliona hasikilizi. Aliniuliza mbwa alikuwaje kabla ya kuuma. Nilipofika kwenye mate na sauti iliyokauka na mwiba ambao sikuuona, aliuweka mkono wake juu ya goti langu.

"Bamayo," alisema, akiniita mama kwa Kibemba, "hakukuwa na mwiba. Huo ni ugonjwa wenyewe, kichaa cha mbwa."

Alinisafisha kidonda kwa sabuni na maji, muda mrefu sana, akitoa majivu ya baba mkwe wangu punje kwa punje. Nilipiga kelele. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kuhisi kitu vizuri, kwa miezi mingi. Akanichoma sindano ya kwanza begani. Akaniambia ziko tano, na kwamba kuna nyingine ya kuchomwa kwenye kidonda chenyewe, lakini hiyo hawana. Akaandika kadi. Akasema nimechelewa siku tatu lakini nimekuja, na wengi hawaji. Akasema pia, kwa sababu nilimuuliza, kwamba ugonjwa huu ukishaonyesha dalili hauna dawa.

"Unangoja mpaka lini ndio unajua?"

"Miezi. Ziwa likifunguliwa na wewe uko mzima, utaanza kupumua."

Ziwa lilikuwa bado hata halijafungwa.

Nitasema jinsi nilivyokuwa, kwa sababu hili hakuna aliyeniambia. Sikulia. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwaza kama nimefunika chisense. Nilimwambia mume wangu, naye akakaa chini, mimi nikaendelea kusonga ugali. Kidole gumba na cha shahada havikuwa na hisia tena, na hivyo hivyo nilikuwa mimi mzima, nimekufa ganzi. Watu walinipa pole, nikasema asante. Zamani nilikuwa napima chisense kwa vidole vile viwili, nasugua samaki mmoja na kujua kama amekauka na kama ana mchanga. Sasa nilisugua, nikaona kwa macho kwamba nasugua. Wateja wakaanza kulalamikia mchanga.

Sindano ya pili ilikuja na mvua ya kwanza. Nililowa njiani, na hapo kliniki bibi mmoja aliyemleta mjukuu mwenye homa alinipa nusu ya karanga zake bila kuniuliza lolote. Sista alipoita "mama wa mbwa," bibi yule hakuhama. Nimemsahau sura, lakini karanga zile zilikuwa zimekaangwa na chumvi.

Ya tatu, uyoga ulikuwa umeanza kuuzwa barabarani. Ya nne, ziwa likafungwa, mitumbwi ikalazwa mchangani, wanaume wakabaki nyumbani wakitukwaza miguuni.

Katika siku zote hizo za sindano mume wangu alikuwa na jambo jipya. Anaitwa Kyungu, na tumeoana miaka kumi na mitatu. Si mtu mbaya, ila ni wa kuagiza. Yuko nje amekaa, sufuria ya maji iko hatua nne kutoka alipo, na atapaza sauti mpaka jirani asikie: "Leta mayi!" Mimi nitaacha samaki, nitanawa, nitachota, nitampelekea. Miaka kumi na mitatu. Lakini tangu sindano ya kwanza, kila asubuhi yeye ndiye aliyenijia na kikombe changu cha bluu kimejaa, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kunywa, mama. Kunywa kidogo."

Nikanywa. Akanitazama mpaka nimalize, akachukua kikombe, akaenda. Nilimwambia Bana Chola, na ingawa nilikuwa sihisi kitu, nilijisikia nikijigamba. Nikasema, unaona, mwanamume anaweza kufundishwa, ila lazima kwanza uumwe na mbwa. Bana Chola hakucheka. Aliangalia pembeni.

Odeta, binti yangu mkubwa, ndiye aliyenifumbua macho bila kujua. Alikuwa anamchezesha mdogo wake Beya, anaigiza baba. Alishika kijiti sikioni kama simu, akasema kwa sauti nzito: "Alikunywa, mama. Alikunywa yote. Hapana, haogope mayi."

Nikamuuliza ameyatoa wapi. Akasema baba husema hivyo kila siku, nyuma ya nyumba, akiongea na bibi wa Kilwa.

Basi nikaelewa. Wote walikwisha kusikia kwamba mgonjwa wa mbwa huogopa maji. Kikombe kile hakikuwa mapenzi, kilikuwa kipimo. Nikaanza kuona na mengine: sahani yangu ilioshwa peke yake. Hakuna aliyemalizia maji niliyobakiza. Beya alikuwa haletwi tena kulala ubavuni mwangu, na nilikuwa nimedhani ni kwa sababu ya mkono. Mama mkwe alikuwa ameuliza kama nimeanza kubweka. Ningeweza kukasirika, lakini hasira haikuja. Kesho yake kikombe kilipoletwa nilikunywa chote haraka, hata kiu sina, nikampa aende akapige simu yake.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Yeye analeta, mimi nanywa.

Halafu ikaja asubuhi niliyoshindwa. Zilibaki siku nne kabla ya sindano ya tano, na mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Niliamka mwili unawaka, shingo imekaza. Kyungu akaja na kikombe. Nikapiga funda moja, likafika kooni, likakataa. Maji yakanitoka puani. Nikajaribu tena, koo likafunga lenyewe, nikasukuma kikombe kikaanguka.

Maji yalitembea sakafuni mpaka kwenye miguu yake, naye akaiondoa miguu.

Aliwachukua watoto akawapeleka kwa Bana Chola. Nilimsikia nyuma ya nyumba akiongea na simu, na sauti ya mama yake ilisikika kupitia ukuta wa matofali mabichi, maana yule mama huongea na simu kama anavuka nayo ziwa: "Mufunge! Mufunge na kamba, asiume batoto!"

Nililala nikitazama bati. Nilijiuliza kama naogopa maji au nayachukia tu kwa sababu yanauma, na sikuweza kujua. Nilijaribu kumfikiria Odeta akiolewa. Nilijaribu kuomba, nikafika "Baba yetu" nikasahau linalofuata. Niliwaza mbwa. Naye nilimwekea maji akayaacha, na mimi nikamtafutia mwiba.

Kyungu aliingia na kamba ya nyavu, ile nene ya bluu. Akakaa chini mlangoni, kamba mapajani. Machozi yalikuwa yanamshuka na yeye hayafuti.

"Nikufunge?" akaniuliza.

"Funga."

"Mama Odeta, vreman, kweli kabisa, nikufunge?"

"Funga tu, Kyungu. Nitauma bantu."

Alisimama, akanijia, akaninyanyua kwa makwapa. Nilimnyooshea mikono, kwa sababu nilikuwa nimekubali. Hakuifunga mikono. Alinibeba nje penye mvua, akanikalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akapanda, akaizungusha ile kamba kiunoni mwangu na kiunoni mwake, mara tatu, akakaza fundo tumboni kwake. Mdomo wangu ulikuwa mgongoni mwake. Mtu ambaye ameamini kabisa kwamba mkewe amekuwa mbwa mwenye kichaa alijifunga naye kamba moja, akapiga pedali kwenye matope mpaka kliniki.

Nilihisi joto la mgongo wake. Nilijua ni jambo kubwa analolifanya. Nililijua tu, kama unavyojua kwamba leo ni Jumanne.

Watu waliokuwa kwenye benchi walipotuona tumefungwa pamoja walitoka wote. Sista hakutoka. Alikata kamba kwa mkasi wake, akanikalisha, akanipepea kwa kadi usoni, aone kama nitaogopa upepo, akanitazama. Akaniambia nifungue mdomo. Kyungu akasema, "Sista, angalia vidole," lakini yeye alikwisha kuingiza kijiti na kumulika tochi. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Eh, bamayo," akasema. "Una mafindofindo. Yamejaa usaha yote mawili." Akanichoma kidole, akangoja kipimo. "Na malaria pia."

Kyungu alikuwa bado amesimama na ncha ya kamba mkononi. "Si ya imbwa?"

"Si ya mbwa. Mtu akiwa na koo kama hili, hata uji utamkataa." Akachukua kijiko, akatia maji, akaniambia yatauma lakini yatapita. Yaliuma kama misumari. Yakapita. Akatia kijiko kingine.

Kyungu alikwenda nje, akakaa kwenye ngazi chini ya mvua, akacheka kwa sauti mbaya sana. Mimi sikucheka. Nilimeza vidonge nilivyopewa, nikauliza kama ile ya tano itabaki siku ile ile. Sista akasema ndiyo.

Nikachomwa ya tano. Sista aliweka alama kwenye kisanduku cha mwisho cha kadi, akanirudishia, akasema nisiitupe. Nilidhani siku hiyo nitajisikia vizuri. Nilijisikia kama mtu aliyeshuka mahali na haoni kama kuna anayemfahamu. Kama wewe umefika hapo na hujisikii chochote, usidhani umeharibika. Mimi pia nilikuwa hivyo, na niliendelea kuwa hivyo: Krismasi imepita, mahindi mabichi yamepita. Kikombe kiliendelea kuja kila asubuhi, nami niliendelea kunywa.

Bana Chola alileta mtoto wa mbwa kabla ziwa halijafunguliwa. Alikuja naye amemfunika kwenye kitenge, akaniuliza kama ataniudhi. Nilimwambia alete, ila kwanza apelekwe kwa watu wa mifugo wanaochanja mbwa. Tulikwenda wote wawili, mimi ndiye niliyemshika. Alichomwa sindano moja akalia kidogo, kisha akaanza kunilamba kidole gumba cha kushoto. Niliona ulimi ukienda na kurudi. Sikuhisi kitu. Bana Chola akasema hatampa jina la kuwasema majirani safari hii, nikamwambia asidanganye mbele ya watu.

Kisha ziwa likafunguliwa. Asubuhi ile mitumbwi ilikuwa imerudi na chisense ya kwanza, na mimi nilikuwa mchangani nimepiga magoti, naisambaza kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kulia nao umeshajifunza. Jua lilikuwa limepanda. Nilikuwa nimechelewa, mgongo unauma, ndege wananizunguka, mtoto wa mbwa hana msaada wowote. Sikukumbuka kabisa kwamba siku hiyo hakuna kikombe kilicholetwa.

Kyungu alikuwa amekaa mbele ya nyumba akitengeneza wavu. Sufuria ya maji ilikuwa hatua nne kutoka alipo.

"Mama Odeta!" akapaza sauti, hata kichwa hajainua. "Leta mayi!"

Nikakasirika. Ilinianza tumboni, ikapanda mpaka masikioni, hasira nzima kabisa, ya moto, ya miaka kumi na mitatu. Huyu mtu hana miguu? Haoni niko na kazi? Nilisimama nayo, na ndipo nikagundua kwamba nalia, na kwamba mchanga una moto, na kwamba nina kiu.

Nilikwenda. Nilinawa, nikachota kwa kikombe changu cha bluu, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, nikanywa mafunda mawili makubwa pale pale, kisha nikampelekea.

"Uko na miguu, weye," nikamwambia. "Siku ingine utajichotea."

Alipokea bila kunitazama, macho yakiwa kwenye wavu. Akaweka mdomo pale pale nilipoweka wangu. Akanywa mpaka nusu, akanirudishia kikombe, akaendelea na wavu wake, nami nikamalizia yaliyobaki.